Jirani Asiye na Kura



Ndugu zangu wasomaji, na hasa mama zetu na dada zetu ambao ndio washika funguo za nyumba: wiki hii naomba tuondoke kidogo hapa pwani, tupande kwa fikra hadi milima ya Gusii, katika kaunti za Kisii na Nyamira. Siwaiti huko kutazama mashamba ya chai, wala mawe laini ya Tabaka yanayochongwa vinyago na sahani na kuletwa kuuziwa watalii hapa kwetu. Nawaita tuitazame bajeti. Najua neno hilo lina ukavu, na wengi hulipita haraka wakiliona. Lakini bajeti ni jambo la jikoni kabla halijawa jambo la bungeni, na inapokatwa vibaya, mkono wa kwanza kuhisi ni ule unaosonga ugali.

Basi na tuanzie jikoni. Kila mama anayeendesha nyumba kwa kipato kidogo hufunga fedha mafundo. Fundo moja la leso ni la kodi ya nyumba, la pili ni la karo, la tatu ni la dawa za bibi mwenye sukari. Fedha za bibi haziguswi, hata kama sufuria imelala chali. Sasa tuseme siku moja baba mwenye nyumba anena hivi: "Mafundo haya yanatufunga mikono. Tuyafungue yote, tuzitie fedha katika mkoba mmoja, nami nitaongeza kidogo, kisha kila haja itakayokuja tutaiamulia." Neno lake halikosi busara. Hakuna aliyeiba, na mkoba umekuwa mzito kuliko mafundo. Lakini baada ya miezi mitatu, mwenye nyumba amegonga mlango akalipwa, shule imemrudisha mtoto ikalipwa, na bibi, ambaye hagongi mlango wala hapandishi sauti, dawa zake zimekwisha.

Jambo la namna hiyo ndilo lililozipata hospitali kumi na moja za Kenya katika mwaka wa fedha wa 2021/22. Moja ni Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kisii. Nyingine ni yetu wenyewe, Hospitali Kuu ya Pwani, hapa Mombasa. Kwa hivyo safari hii ya Gusii si ya kwenda kuchungulia nyumba ya watu. Ni ya kwenda kuitazama nyumba yetu katika kioo cha jirani.

Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, huduma za afya zilikabidhiwa kaunti. Hapo likazuka swali: hospitali kubwa zilizokuwa za mkoa, ambazo wagonjwa wake hutoka kaunti nyingi, nani atazilisha? Kisii inapokea wagonjwa wa Nyamira, na wengine wa Migori, Homa Bay na sehemu za Narok. Hospitali Kuu ya Pwani inapokea wa Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Haikuwa haki kaunti moja ibebe wagonjwa wa kaunti tano kwa mfuko wake peke yake. Serikali kuu ikaweka ruzuku yenye masharti: fedha zinazopelekwa kaunti kwa ajili ya hospitali ile tu, zisiweze kuhamishiwa barabara wala ofisi. Kabla ya kuondolewa, ruzuku hiyo ilikuwa imefikia takribani shilingi bilioni 4.3 kwa mwaka kwa hospitali zote kumi na moja. Fungu la Kisii lilikuwa karibu shilingi milioni 417, na la Mombasa karibu milioni 388.

Mwaka wa 2021 fundo hilo likafunguliwa. Ruzuku nne ziliunganishwa na mgao wa jumla wa kaunti: ya hospitali hizi, ya vyuo vya ufundi vya vijijini, ya matengenezo ya barabara, na ile ya kufidia zahanati na vituo vya afya kwa ada zilizofutwa. Mgao wa jumla ukapanda kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370, ukagawanywa kwa kanuni moja kwa kaunti zote 47.

Tuseme kweli, kwani insafu ni sehemu ya dini. Hoja ya waliofanya hivyo ilikuwa na uzito. Katiba imezipa kaunti mamlaka, na fedha zenye masharti mengi humfanya gavana awe karani wa Nairobi. Tena mgao wa Kisii haukupungua. Ulipanda kutoka takribani bilioni 7.7 hadi bilioni 8.9. Nyamira nayo ilitoka bilioni 4.8 hadi bilioni 5.1. Mkoba uliongezeka uzito. Lililoondolewa ni fundo.

Na fundo lile lilikuwa na kazi ambayo uzito wa mkoba hauwezi kuifanya. Hebu mfikirie mama wa kijiji kimoja cha Nyamira, tuseme karibu na Ekerenyo au Nyansiongo. Uchungu umemshika, mtoto amekaa vibaya, na hospitali ya karibu imemwandikia rufaa ya Kisii. Anavuka mpaka wa kaunti akiwa amelala. Kule anakopelekwa, bajeti ya hospitali imepitishwa na wawakilishi wadi ambao yeye hakuwachagua na wala hataweza kuwaondoa. Gavana wa Kisii akikata fungu la hospitali, mama huyu hana kura ya kumwadhibu. Akiliongeza, hana kura ya kumshukuru. Katika hesabu za siasa mama huyu hayupo kabisa, ilhali katika wodi yupo, na damu inamtoka.

Ruzuku yenye masharti ndiyo iliyokuwa kura yake. Ilisema kwa niaba yake: fedha hizi ni za kitanda anachokilalia mgeni, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kuzifanyia jambo lingine. Ilipounganishwa na mgao wa jumla, mama wa Nyamira alibaki na kitanda cha hisani. Na ya kwake ndiyo ya mama wa Kwale anayevushwa Likoni usiku kwa feri kuletwa Mombasa.

Sisi tuliokalia majamvi ya chuoni tulifundishwa mlango wa wakfu. Anayeweka shamba wakfu kwa ajili ya mafuta ya taa ya msikiti, au kisima kwa ajili ya wasafiri, hutaja sharti lake, na wanazuoni wakalipa sharti hilo heshima kubwa. Msimamizi hawezi kuamka asubuhi akasema kwamba mwaka huu wasafiri ni wachache, basi mapato ya kisima yajenge ukuta. Wanazuoni hawakufanya hivyo kwa ukaidi. Walijua kuwa msafiri hayupo kwenye kikao cha wasimamizi. Keshapita au hajafika. Sharti ndilo linalokaa kikaoni badala yake. Na Mtume wetu (s.a.w.) aliusiwa juu ya jirani kwa mkazo mkubwa, hata akadhani kwamba jirani angetiwa katika mirathi. Jirani mwenye karibu kupewa fungu la urithi hakosi kustahiki fungu katika bajeti ya hospitali.

Mafundo yakiwa yamekwisha kufunguliwa, ndipo miaka ya ukavu ilipofika. Mgao wa kaunti ulibaki bilioni 370 mwaka uliofuata, huku bei za dawa na mafuta zikipanda. Mwaka wa 2023/24 ukawa bilioni 385.4. Kwa 2024/25 kaunti ziliahidiwa bilioni 400.1, na sheria ikatiwa saini. Kisha vijana wakaandamana kupinga Mswada wa Fedha, na tarehe 26 Juni 2024 Rais akatangaza kuwa hatautia saini. Kodi iliyotarajiwa haikuja, na visu vikatolewa kukata bajeti. Mgao wa kaunti ukashuka, na baada ya mvutano baina ya Bunge la Taifa na Seneti ukasimama kwenye bilioni 387.4. Yaani kaunti zote 47 zilipata nyongeza ya bilioni 2 tu juu ya mwaka uliotangulia. Mwaka wa 2025/26 umepanda hadi bilioni 415, lakini fedha kutoka Hazina Kuu zina mazoea ya kuchelewa, na mfamasia hawezi kutoa dawa kwa ahadi.

Si kila kupunguza ni dhulma. Tarehe 5 Julai 2024 Rais alitangaza kuvunja mashirika 47 ya umma yenye kazi zinazofanana, kuondoa bajeti za ofisi za wake wa viongozi, kupunguza washauri kwa nusu, na kusimamisha ununuzi wa magari mapya ya serikali kwa miezi kumi na miwili. Nani atalilia mambo hayo? Nyumba yenye deni ianze kwa kupunguza vya anasa. Shida ni kwamba kisu kikishashikwa, hukata zaidi pale pasipo na mfupa. Mshahara una chama cha wafanyakazi, mkandarasi ana wakili, mwanasiasa ana kipaza sauti. Glavu, pamba na chupa za maji ya mishipa hazina msemaji.

Na bajeti inapokatwa, gharama haifi, huhama. Kutoka Nairobi huhamia kaunti, kutoka kaunti huhamia hospitali, na kutoka hospitali huhamia nyumbani. Ikifika nyumbani haiketi sebuleni. Huenda moja kwa moja kwa mama na binti. Dawa isipokuwapo, mama ndiye anayetumwa duka la dawa nje ya geti. Wauguzi wakipungua, mama ndiye anayekesha kitandani, anayefua mashuka, anayeleta uji. Na yeye akiwa wodini, binti mkubwa ndiye anayebaki nyumbani na wadogo zake, na daftari lake linafungwa. Hakuna hesabu ya serikali inayoandika saa hizo kuwa ni matumizi, lakini zimetumika.

Haya hatuyajui leo tu. Mwezi wa Desemba 1989, katika zama za kubana matumizi kwa masharti ya wakopeshaji, serikali ilianza kutoza ada katika hospitali za umma, na ikauita utaratibu huo kugawana gharama. Wagonjwa wakapungua kwenye foleni, si kwa sababu walipona. Septemba 1990 sehemu ya ada ikasimamishwa, kisha kuanzia 1992 ikarudi kwa awamu. Mwaka 2004 ada za ngazi ya chini zikashushwa hadi shilingi 10 katika zahanati na shilingi 20 katika vituo vya afya, na mwaka 2013 zikafutwa. Ruzuku ya kuvifidia vituo hivyo ndiyo niliyoitaja hapo juu, iliyofunguliwa fundo mwaka 2021. Ada imebaki imefutwa kwa maandishi, lakini fidia yake haina tena pindo la leso inamokaa.

Upande wa shule hadithi ni hiyo hiyo. Kiwango kilichowekwa cha kumgharimia mwanafunzi wa sekondari ni shilingi 22,244 kwa mwaka. Mwezi wa Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba Hazina haiwezi kukimudu, na kwamba inachoweza kutoa ni karibu shilingi 16,900. Wakubwa wenzake walikuja baadaye kuutuliza umma, lakini mwalimu mkuu hapiki maneno. Upungufu wa zaidi ya shilingi 5,000 kwa kila mwanafunzi humfikia mfanyabiashara mdogo aliyeleta mahindi na maharagwe kwa mkopo, kisha humfikia mzazi kwa jina la mchango. Huko Gusii, ambako mashamba yamegawanywa hadi yakawa vipande na watu wameiweka tumaini lao katika elimu, mchango huo huweza kuuza ng'ombe wa pekee.

Tunasoma katika sira kwamba mwaka wa 18 Hijria, ulioitwa mwaka wa Ramada, Bara Arabu lilipigwa na ukame mkali. Umar bin Al-Khattab (r.a.) alijizuia samli na nyama, akala mkate kwa mafuta ya zeituni hadi rangi ya ngozi yake ikabadilika, mpaka watu wapate kula. Akaandikia magavana wake wa mikoa yenye neema walete chakula, na akaakhirisha ukusanyaji wa zaka hadi mvua irudi. Tazameni mpangilio wake: mkato wa kwanza uliingia sahani ya mtawala, wenye nacho wakabebeshwa wasio nacho, na mkono wa mkusanyaji ukaondolewa kwa aliyekauka. Kubana matumizi si aibu. Kinachoulizwa ni sahani ya nani ilianza.

Sasa tufanye nini? Siandiki ili tutikise vichwa tu. Yako mambo manne yaliyo mikononi mwa familia ya kawaida, iwe ya Keroka au ya Kisauni.

La kwanza, tujue kalenda. Kwa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012, kila kaunti hupeleka mwelekeo wa matumizi yake bungeni mwake kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Baina ya tarehe hizo na mwisho wa Juni wananchi huitwa kutoa maoni. Vikao hivyo hujaa wanaume na wakandarasi. Kina mama wa madrasa na wa vyama vya upatu waende, tena wasiende kulalamika kwa jumla. Waulize mambo mawili: hospitali ya rufaa imetengewa kiasi gani mwaka huu, na je, fedha za mwaka jana zilifika zote? Swali fupi lenye tarakimu humsumbua mkubwa kuliko hotuba ndefu.

La pili, tudai majirani waandikiane. Kifungu cha 189 cha Katiba kinaziruhusu kaunti kushirikiana na kuunda kamati za pamoja. Kisii na Nyamira zimo katika muungano wa kaunti za ukanda wa ziwa, nasi tunayo Jumuiya ya Kaunti za Pwani. Kama fundo la Nairobi limefunguliwa, kaunti zinaweza kufunga lao: kila inayopeleka wagonjwa ichangie kiasi kinachojulikana kwa hospitali inayowapokea, kwa mkataba ulio wazi. Huko ndiko kumrudishia mama wa Nyamira kura yake.

La tatu, tusimamie fedha ambazo tayari zina uzio. Tangu sheria ya mwaka 2023 ya mapato ya vituo vya afya, hospitali ya umma ina haki ya kubaki na inachokusanya badala ya kukipeleka katika mfuko wa kaunti. Tuulize kama hilo linafuatwa. Lakini tujue pia ncha ya pili ya kisu hicho: hospitali inayoishi kwa kukusanya hujaribiwa kumkamua mgonjwa. Basi kila mama ajue kwamba Mahakama Kuu iliamua mwaka 2015 kuwa kumzuia mama hospitalini kwa sababu ya deni ni kinyume cha Katiba.

La nne ni la nyumbani. Mpango wa Linda Mama, ambao mwanamke alijifungua chini yake bila ya kutangulia kuchangia, nafasi yake ilichukuliwa mwezi wa Oktoba 2024 na bima mpya ya SHA. Asiye na mshahara hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mara moja, usiopungua shilingi 3,600, yaani shilingi 300 kwa kila mwezi. Ni fedha nyingi kwa mwuza ndizi. Mkulima mdogo wa chai na azifunge fundo siku ile ile bonasi inapotoka, kabla harusi hazijaanza. Kwa asiye na chai wala bonasi, kikundi cha upatu kianze kuwalipia wajawazito wake, mmoja baada ya mmoja. Misikiti nayo iwe na sanduku la wagonjwa. Ila tusidanganyike: sadaka hufunika pengo, haifuti haki. Aliyetoa sadaka asiache kudai, na aliyepewa asiambiwe anyamaze.

Ndugu zangu, mwenye kukata bajeti mara nyingi hamwoni anayemkata. Anaona karatasi yenye safu za tarakimu. Kazi yetu ni kuipa tarakimu ile uso, jina la kijiji, na saa ya usiku. Na tukishajifunza kumsemea jirani asiye na kura katika kaunti yetu, huenda siku gari la wagonjwa litakapowavusha watu wetu mpaka, tukawakuta huko watu waliokuwa wakiwasemea.

Allah awaafu wagonjwa wetu, awape uadilifu walioshika fedha za umma, na atupe sisi ujasiri wa kuwauliza.

Wa billahi at-tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.